Kaimu wa Mtemi Asiyesema

Siku ya kuniaga nilipostaafu, hakimu wetu alisema maneno mazuri, mengi yake si ya kweli, kisha vijana wa masjala wakanifuata nje wakitaka niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa zamani. Nimekubali kwa sababu sasa nafasi ninayo, na kwa sababu mwanamume akikaa nyumbani bila shughuli mkewe humtafutia. Vyeo sitavieleza, maana tarishi ana cheo kimoja, huingia nacho na kutoka nacho. Mshahara mnaujua, ndio huohuo mnaopokea. Nitaeleza nilivyoanza, nani alinifundisha, na shauri moja ambalo sikuwa mdai wala mdaiwa lakini limenikaa moyoni mpaka leo.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli, akitengeneza njia kati ya Tabora na Kaliua. Alikufa kwa homa, na mama akamfuata kabla ya mavuno. Nikabaki na wadogo zangu watatu: Nyamizi, Kalunde, na Hamisi ambaye alikuwa hajaanza kutembea. Mimi nilikuwa darasa la nne. Mwalimu alikuja nyumbani kuuliza kwa nini sionekani shuleni. Alinikuta natwanga, akawaangalia wale watoto waliokaa chini wakinisubiri, akaniaga bila kuuliza alichokuja kuuliza. Shule yangu iliishia hapo. Nilihangaika miezi michache na vibarua, na kwa kuwa shule niliianza nikiwa mkubwa na sasa nilikuwa kijana wa kutosha, nikapata kazi katika baraza la utemi wetu, kijiji cha Itobela, kwenye njia ya zamani ya misafara iendayo Ujiji.

Ninyi hamkuukuta utemi, kwa hiyo nieleze kidogo. Kila utemi ulikuwa na baraza lake, na Mtemi ndiye aliyekuwa hakimu. Serikali ya Wazungu ilileta mihuri na kabati, lakini kwa watu wetu shauri lilikuwa halijaisha mpaka Mtemi alikate kwa kinywa chake mwenyewe, na watu waliochuchumaa barazani wapige makofi. Kabla ya makofi yale, hata kama kila mtu amekwisha jua nani ameshinda, mshindi hakuthubutu kusimama.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Mrisho, mtu wa Tabora mjini, Mwislamu safi, ambaye babu yake alipita Itobela amebeba pembe kichwani na yeye mwenyewe akarudi kuishi hapo kwa sababu, alisema, maji yake hayana chumvi. Alinipa suruali fupi ya kaki, tarabushi nyekundu na beji ya shaba. Akanifundisha kung'arisha beji kwa majivu na ndimu. Akanifundisha pia kwamba samansi haipelekwi msibani, kwamba kwanza unaamkia, unaulizwa habari za ulikotoka, unakunywa maji, ndipo unasema kilichokuleta. Mtu akipewa samansi kabla ya maji atakukasirikia wewe, akipewa baada ya maji atamkasirikia aliyemshitaki.

Siku moja nilimuuliza, "Mzee, watu wananiuliza njiani nani atashinda. Niwajibuje?"

"Wakikuuliza umeona nini, waambie ulichoona," akasema. "Wakikuuliza unaonaje, waambie una njaa. Hutakuwa umesema uongo."

Mtemi wetu alikuwa mtu mnene, mwenye sauti, mpenda ng'ombe na mpenda kusifiwa. Hakuwa mbaya. Hukumu zake zilifanana na za baba yake, na za baba yake zilifanana na za wazee waliotangulia, na watu walizizoea kama walivyozoea mteremko wa mto. Kando yake alikaa mpwa wake, mtoto wa dada yake, aitwaye Kasanda. Huyu alikuwa mrefu, mkavu, asiyecheka. Zamani sana huko kwetu utemi ulirithiwa na mtoto wa dada. Baadaye ukahamia kwa watoto wa kiume wa Mtemi, na Mtemi wetu alikuwa na mtoto wa kiume, Daudi, aliyekuwa akifanya kazi ofisini Dar es Salaam. Kwa hiyo kila mtu alijua kwamba kama mambo yangebaki kama ya mababu, kiti kingekuwa cha Kasanda. Jambo hilo hakuna aliyelisema na hakuna aliyelisahau.

Mtemi aliangukiwa na ugonjwa mbele yetu sote, asubuhi, barazani. Lilikuwa shauri la ng'ombe. Alikuwa ameshanyoosha mkono ili akate, akafungua kinywa, na kinywa kikavutwa upande. Kikatoka kitu ambacho hakikuwa maneno. Watu wa nyuma, ambao hawakuona uso wake, walidhani amekata. Wakapiga makofi.

Kasanda alisimama mbele yake, akamkinga kwa mgongo. "Mtemi amechoka," akasema. "Nendeni. Mtaitwa."

Tulimbeba mimi na Mzee Mrisho na Kasanda mpaka chumba cha ndani. Upande wake wa kulia ulikuwa umekufa. Mganga wa serikali aliitwa, akasema ni kupooza, akashauri apelekwe hospitali ya Kitete, mjini Tabora. Tulimpeleka, akakaa huko, akarudishwa akiwa hai lakini hasemi. Serikali ikamwandika Kasanda kuwa kaimu mpaka Mtemi atakapopona.

Sasa nieleze kitu ambacho serikali haikukijua. Kwa desturi yetu mwili wa Mtemi na nchi ni kitu kimoja. Mtemi akilegea, mvua italegea. Kaimu wa Mtemi mgonjwa hakuwapo katika desturi, kwa sababu Mtemi mgonjwa hakuachwa akawa mgonjwa kwa muda mrefu. Wazee wa kitala, yaani wa nyumba ya utemi, walikuwa na namna yao ya kumsaidia kupumzika, na mambo hayo hayakusimuliwa mbele ya watoto. Mimi nilidhani ni hadithi za zamani.

Siku chache baada ya kurudi kutoka Kitete, wazee watatu walikuja wakiwa wamejifunga kaniki. Mkubwa wao aliitwa Mzee Lubinza. Mimi nilikuwa mlangoni mwa chumba cha Mtemi.

"Tumekuja kumjulia hali mwenzetu," akasema Mzee Lubinza. "Kijana, kaa kando upate upepo."

Kasanda akatoka ndani na bakuli la uji mkononi. "Hajambo," akasema. "Karibuni mumwone."

"Tutamwona peke yetu. Wewe unajua."

"Najua," akasema Kasanda. "Ndiyo sababu mtamwona mbele yangu na mbele ya huyu tarishi. Na kuanzia leo, Maganga huyu atalala mlangoni hapa."

"Mvua isiponyesha utawaambia nini watu?"

"Nitawaambia mvua haikunyesha."

Wazee wakaondoka bila kuingia. Kasanda aliuangalia ule uji, ulikuwa umepoa, akarudi jikoni kuupasha moto yeye mwenyewe. Mtu ambaye wazee wale wa desturi wangempa kiti kwa kukaa kando tu apate upepo. Nalikumbuka hilo kila watu wanapoanza kumzungumzia.

Kwa kuwa nililazimika kulala pale, Kasanda alinipa nyumba ndogo ndani ya ua kwa ajili ya wadogo zangu. Hakuniuliza kama nashukuru. Nyamizi alianza kusaidia jikoni, na Hamisi alijifunzia kutembea kwenye uwanja wa ikulu ile.

Kazi yetu ikawa hivi. Baraza lilikaa kama kawaida. Kiti cha Mtemi kiliwekwa mahali pake, kitupu, na Kasanda akakaa kando yake kwenye kigoda. Akishasikiliza pande zote mbili, aliinuka, akaingia ndani, nami nikamfuata kama shahidi. Alichuchumaa kando ya kitanda, akapiga makofi taratibu, akamweleza Mtemi shauri lote tangu mwanzo. Mimi nilishika mkono wa kushoto wa Mtemi, ule uliobaki na uhai. Kasanda alisema, "Mimi naona hivi na hivi. Mtemi anakubali?" Mtemi akikubali alinibana vidole. Asipokubali aliviacha wazi, na Kasanda alifikiri upya. Nilimwona akibadilisha hukumu mara nyingi kwa sababu ya vidole vile. Kisha alitoka nje akasema, "Mtemi amekata hivi," na watu wakapiga makofi.

Ilikuwa kazi ya taratibu. Mashauri yalipungua, maana watu walipoona yanachukua muda walianza kupatana wenyewe njiani. Mzee Mrisho alisema hilo ndilo baraza bora aliloliona maishani, lile ambalo watu wanaona uvivu kulifikia.

Mwaka wa pili, wakati wa masika, ule mkono ulibadilika. Ukawa unabana kila kitu. Swali likiulizwa ulibana, lisipoulizwa ulibana. Siku moja nilipokuwa namlisha kijiko kiliniponyoka kikaangukia kiganjani mwake, akakishika vilevile, kwa nguvu ileile, kama mtoto mchanga anavyoshika kidole cha mtu yeyote. Nilikaa nikakiangalia kile kijiko kwa muda. Kisha nikaenda kumwambia Kasanda.

Alikuja, akakitoa kijiko, akaweka kidole chake mwenyewe, kikabanwa. Alibaki hapo mpaka mguu ukafa ganzi.

"Tufanyeje?" nikamuuliza.

"Tutaendelea kumweleza."

"Lakini hajibu, Bwana Kaimu."

"Nikikata bila kumweleza nitakuwa nimekaa kwenye kiti chake," akasema. "Nikimweleza, nitakuwa nimetoka chumbani kwake. Huoni tofauti, Maganga?"

Niliona tofauti. Sikuwa na hakika kama mtu mwingine angeiona.

Tuliendelea hivyo. Na hapa ndipo linapokuja shauri la mizinga. Mjane mmoja alidai mizinga ya nyuki ya marehemu mumewe, iliyokuwa porini juu ya miti. Shemeji zake wakasema mwanamke hapandi mti, na asiyeweza kuufikia mzinga hawezi kuumiliki. Baraza lote lilicheka. Mtemi wetu, alipokuwa mzima, alikwisha kata mashauri ya namna hii, na siku zote mizinga ilikwenda kwa ndugu wa kiume. Kasanda aliingia ndani, akaeleza, akangoja, mkono ukabana kama kawaida yake. Akatoka akasema, "Mtemi amekata. Mizinga ni ya mama huyu. Shemeji mkubwa atampandia, na atachukua sehemu ya mpandaji, basi."

Makofi yalichelewa. Yalipokuja yalikuwa machache, na mengi yalitoka upande wa wanawake. Wakati watu wanatawanyika nilimsikia mmoja akisema, "Huyu Mtemi amekwenda kuugua mtu mmoja, anapona mtu mwingine."

Ilikuwa hukumu njema. Mama yule alilea watoto wake kwa asali ile. Lakini tangu siku hiyo watu walijua kwamba aliyekuwa akikata si Mtemi. Hukumu mbaya za zamani zingemficha Kasanda miaka mingi zaidi.

Nisiwape picha ya mtu asiye na doa. Kasanda aliogopa uvumi kuliko njaa. Alizuia wageni. Daudi, mtoto wa Mtemi, alisafiri kwa treni kutoka Dar es Salaam mara mbili kuja kumwona baba yake, na mara zote mbili aliruhusiwa kusimama mlangoni tu, tena kwa muda wa kuamkia. Mara ya pili alilia njiani kurudi stesheni. Nilimbebea sanduku nikamwona. Halafu kulikuwa na mzee mmoja mpenda pombe, aitwaye Kitunda, aliyesema kilabuni kwamba Mtemi alikwisha kufa na nchi inatawaliwa na maiti yenye karani. Watu walicheka sana. Kasanda aliagiza akamatwe. Akawekwa mahabusu ya baraza, wakati wa baridi, na kifua chake kilikuwa kibovu. Mzee Mrisho alikwenda kumwombea. Kasanda akasema atamtoa akikanusha. Kitunda akasema hatakanusha mpaka aonyeshwe Mtemi akisema. Akafia mle ndani. Kasanda hakwenda kuzika. Niliona alivyokonda baada ya hapo, lakini kukonda kwake hakukumfaa kitu mjane wa Kitunda.

Uhuru ulipokuja tulishangilia kama wengine. Daudi alirudi na barua kwa wakubwa wapya, akisema baba yake amefungwa ndani na mpwa mwenye tamaa, naye anatawala kwa jina lake. Wilaya ikaunda kamati ya kuchunguza utawala wa kaimu. Mwenyekiti alikuwa ofisa kutoka Tabora, mtu mpole mwenye miwani. Akawapo katibu wa chama. Na wazee wawili wa utemi wanaoijua desturi. Mmoja wa hao wazee wawili alikuwa Mzee Lubinza.

Niliitwa kuwa shahidi, kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyeingia chumba kile kila siku. Asubuhi ya siku yangu Nyamizi alinipigia pasi tarabushi, kwa mvuke, kama Mzee Mrisho alivyokuwa akifanya kabla hajafariki.

"Kaka, utasemaje?" akaniuliza.

"Nitasema niliyoyaona."

"Yote?"

"Nitakayoulizwa."

"Tunalala kwenye nyumba ya Kasanda. Tunakula kwake."

"Najua tunakolala, Nyamizi."

Akaninyooshea kola. "Basi omba wakuulize mazuri," akasema.

Kamati ilikaa barazani penyewe. Watu walijaa mpaka nje. Kasanda alikaa kwenye benchi la washitakiwa, magoti juu, maana lile benchi lilikuwa fupi kwake. Niliapa kwa Msahafu.

Mwenyekiti akaniuliza, "Kaimu alipotoka na kusema Mtemi amekata, Mtemi alikuwa amekata kweli?"

"Mwaka wa kwanza, ndiyo. Alikuwa akinibana vidole."

"Na baadaye?"

"Baadaye mkono ulikuwa unashika tu."

"Kushika si kujibu?"

"Hapana, bwana. Hata kijiko ulikishika."

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Ni kicheko cha watu waliokaa muda mrefu juani. Lakini Kasanda, ambaye sikuwahi kumwona akiinamisha kichwa, aliinamisha.

"Kaimu alijua?"

"Alijua. Nilimwambia mimi."

"Akaendelea kutangaza hukumu kwa jina la Mtemi?"

"Akaendelea. Lakini kila mara aliingia kwanza, akamweleza."

"Alimweleza mtu asiyesikia."

"Kama hasikii sijui, bwana. Najua kwamba hajibu."

Katibu wa chama akaniuliza juu ya Kitunda. Nikaeleza: mahabusu, baridi, kifua, Mzee Mrisho kwenda kumwombea. Nikajibu na swali kuhusu Daudi kusimama mlangoni. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyeniuliza, nikasema mwenyewe, "Bwana Mwenyekiti, yapo na mengine. Mwanzoni kabisa walikuja wazee, wakataka kubaki na Mtemi peke yao, na Kasanda—"

"Hilo halimo katika hoja," akasema Mzee Lubinza, kwa utulivu.

Mwenyekiti aliangalia karatasi yake. "Shahidi ajibu anayoulizwa," akasema. "Asante. Unaweza kushuka."

Nilisimama pale kidogo, nikijaribu kutafuta mlango mwingine wa kuliingiza jambo lile. Haukuwapo. Nikashuka.

Kamati iliona kwamba Kasanda alitawala kwa udanganyifu, akiutumia mwili wa mgonjwa kama muhuri, na kwamba mtu amekufa kwa amri yake. Kuhusu hukumu zenyewe, mwenyekiti alisema hazikuonekana kuwa mbaya, ila hazikuwa zake kuzitoa. Nimekaa mahakamani miaka yote hii na bado siwezi kuonyesha mahali ambapo ile kamati ilikosea. Kila ilichokisema kilikuwa kweli, na kingi kati ya hicho kilitoka kinywani mwangu. Kasanda alipita mbele yangu akitoka, hakunitazama. Jioni hiyohiyo aliondoka Itobela na mkewe, na mizigo yao juu ya baiskeli.

Daudi akawa kaimu. Aliniambia nibaki kwenye ile nyumba, nikasema ahsante, nikawahamisha wadogo zangu wiki ileile. Naye pia hakuwa mtu mbaya. Siku ya kwanza aliingia chumbani kwa baba yake, akapiga magoti, akalaza kichwa kifuani pake, akakaa hivyo. Kisha akachukua bakuli ili amlishe.

Mtemi alifunga mdomo.

Akajaribu mke mkubwa wa Mtemi. Alifunga. Nikajaribu mimi, niliyekuwa nimemlisha mara nyingi Kasanda alipokuwa safarini. Nilimsugua shavu kama Kasanda alivyokuwa akifanya. Meno yalibanana. Uji ukatiririka kidevuni. Tulimrudisha Kitete, na madaktari na wauguzi walifanya kila walichoweza, wakampa maji kwa sindano. Nilikaa kando ya kitanda chake. Mke mkubwa aliniuliza siku moja, "Maganga, anamtaka Kasanda huyu?"

Nilimjibu kwamba sijui. Ningejibu nini kingine? Nilikuwa nimeapa mbele ya nchi nzima kwamba mwili ule hausemi tena, kwamba mkono wake hauna tofauti na mkono wa mtoto mchanga. Sikuwa na haki ya kugeuka sasa nikasema mdomo wake unasema. Daudi naye aliogopa kumwita Kasanda, na nadhani aliogopa zaidi kwamba mdomo ungefunguka. Mtemi alikufa kabla Daudi hajaamua. Haukupita muda sheria ikaja ya kuondoa utemi nchi nzima, na kiti kile kikapelekwa stoo pamoja na madawati mabovu.

Mimi nilichukuliwa na mahakama ya mwanzo, ambako ninyi mmenikuta. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa ilikuwa migumu kwa tarishi. Unaondoka na samansi ya mtu wa mahali fulani, unafika, unakuta mahali penyewe hapapo. Nyumba zimebomolewa, watu wamehamishiwa barabarani, na paka peke yake ndiye aliyebaki na anwani ya zamani. Nilijifunza kuuliza kwa majina ya koo badala ya majina ya vijiji. Andikeni hilo, huenda likawafaa, watu wetu hawakawii kuhamishwa.

Katika safari moja ya namna hiyo, ng'ambo ya Kaliua, nilifika kijiji cha ujamaa chenye shamba la tumbaku. Niliyemtafuta alikuwa ameenda kisimani. Nikaelekezwa nimsubiri kwenye bani, kile kibanda cha kukaushia majani ya tumbaku. Ndani, kwenye kivuli, mzee mrefu alikuwa amekaa akifunga majani kwenye fito. Nilimtambua kwa magoti.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Hakuinua uso. "Umeleta samansi yangu?"

"Si yako. Ya jirani yako."

"Afadhali. Kaa, basi. Majani haya hayajifungi."

Nikakaa, nikaanza kumpa majani, matatu matatu, naye akafunga. Aliuliza habari za Nyamizi, nikamwambia ameolewa Nzega. Aliuliza za Hamisi, nikamwambia ni dereva. Akasema Hamisi alichelewa kutembea, hakudhani atafika mbali. Tukamaliza fito nzima. Kisha akasema, bado anaangalia mikono yake:

"Niliambiwa alikataa uji."

"Alikataa."

"Wa kila mtu?"

"Wa kila mtu. Nilijaribu na mimi."

"Kwa sababu yangu?"

Nilijua amelibeba swali hilo tangu Itobela, kupitia vijiji vyote alivyohamishwa, na kwamba katika dunia nzima alikuwa amebaki mtu mmoja wa kuulizwa. Ningesema ndiyo, ingekuwa rahisi. Nikamwambia niliyoyaona. Kwamba wewe ulipompa alifungua. Kwamba ulipoondoka alifunga. Kwamba nilimsugua shavu kama wewe, na hakufungua. Kwamba daktari alisema ugonjwa wa namna ile mwishoni hufunga koo.

Alisikiliza mpaka mwisho, kama alivyokuwa akisikiliza barazani.

"Hayo yanatosha kukata shauri?" akauliza.

"Kwa mahakama, hapana."

"Na kwako?"

"Kwangu yanatosha, baba."

Alichukua fito nyingine, akaiweka magotini, akawa haanzi kufunga.

"Ungeyasema barazani," akasema.

"Barazani yalikuwa hayajatokea."

"Ndiyo," akasema. "Yalikuwa hayajatokea."

Aliyeitwa na mahakama akarudi kutoka kisimani na ndoo yake, akanikaribisha maji, nikanywa, nikampa samansi. Nilipopita tena mbele ya bani Kasanda alikuwa anafunga majani, na mimi nilikuwa na safari ndefu mbele yangu, nikapanda baiskeli.